Nzige wa Sita

Bhoke Magesa alikuwa na miaka thelathini na minne siku alipomsikia mama yake akiimba kwa mara ya kwanza. Alimsikia kwenye kaseti, ndani ya kibanda cha fundi redio huko Kabasa, mjini Bunda, saa nne za asubuhi, akiwa amekaa juu ya debe tupu la rangi na soda mkononi.

Alikuwa amekwenda pale kwa shughuli nyingine kabisa. Yeye na wenzake wawili walikuwa na bendi yao Musoma, mtaa wa Kigera, wakaiita Mapanki. Jina walilichukua kwenye mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo, ile ambayo watu wa ziwa huikaanga na kuila wenyewe. Tena liliwakaa vizuri, kwa sababu muziki wao ulikuwa wa panki: wa haraka, wa sauti chafu, wa kusema jambo bila kulipaka mafuta. Bhoke, ambaye mchana aliuza vipuri vya pikipiki, alipiga gitaa na kuimba. Recho, mwalimu wa sekondari, alipiga besi. Samwel alikuwa mchomelea mageti, na dramu zake zilikaa juu ya stendi alizoziunga kwa mkono wake. Wimbo wao mrefu kuliko zote ulichukua dakika mbili na nusu.

Lakini Mapanki hawakujianzia wenyewe. Walichojua walikuwa wamejifunza kwenye roki ya zamani, hasa kwa bendi moja ya Bunda ya miaka ya sabini iliyoitwa Nzige Sita. Hao walipiga magitaa ya umeme wakati vijiji vingi havijaona hata taa. Walikuwa wanachana spika kwa wembe makusudi ili gitaa likorome kama fahali aliyekasirika. Wimbo wao mmoja, "Sina Pembe", ulikuwa bado unapigwa redioni. Mtunzi wake alijulikana mkoa mzima: Mzee Keraryo, kiongozi wa bendi. Bhoke alikuwa amebandika picha ya bendi hiyo nyuma ya mlango wa duka lake, na asubuhi alipofungua alimwona Keraryo kabla hajamwona mteja.

Picha ile ilikuwa na wanaume watano. Mtu akimuuliza Keraryo kwa nini bendi iliitwa Nzige Sita na wao ni watano, alijibu siku zote kwa maneno yaleyale: "Wa sita ni wewe unayesikiliza." Watu walilipenda sana jibu hilo. Bhoke naye alilipenda.

Mwaka huo kamati ya tamasha la muziki la Bunda iliamua kumtukuza Keraryo angali hai. Angevishwa joho, angepewa fahali, na Mapanki wangepiga "Sina Pembe" pamoja naye jukwaani. Bhoke alipopata habari hizo alishindwa kula mchana kutwa kwa furaha. Shida ilikuwa moja tu, namna wimbo ule unavyoanza. Gitaa la mwanzo lililia kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuiga, hata afanyeje. Ndipo akamkumbuka Mzee Baltazari, aliyekuwa mpiga dramu wa Nzige Sita, ambaye sasa alitengeneza redio Kabasa. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha Mapanki mambo ya zamani, bure, kwa kuwapenda.

Baltazari aliisikiliza haja yake, kisha akatoa kaseti kwenye kopo la maziwa.

"Hii ya mazoezi," alisema. "Sijawahi kumpigia mtu."

Ukaanza mvumo, kisha vijiti vya dramu, kisha gitaa likijikwaa. Juu yake ikaja sauti ya msichana, nyembamba lakini ngumu, isiyoomba ruhusa:

*Baba nitazame vizuri, mimi sina pembe,*
*mbona shingoni mwangu kuna kamba ya zizi?*

Gitaa likajikwaa tena. Msichana akaacha kuimba. "Keraryo, umekosea tena," alisema. "Huo uzi wa tatu haukai hapo. Nimekuambia mara ngapi? Lete."

Kukawa na kukurukakara, mtu akicheka kwa mbali, halafu gitaa likaanza upya mikononi mwa mwingine, na mwanzo wa "Sina Pembe" ukatoka mzima kama unavyotoka redioni.

Bhoke aliweka soda chini. Ile sauti angeweza kubishana nayo, kwa sababu sauti huzeeka. Lakini ile "Lete" aliijua. Ndivyo mama yake alivyodai mwiko, jembe, simu, na mtoto mchanga wa jirani.

"Mzee, huyu ni mama."

"Ni Anastazia," alisema Baltazari. "Siku ile ya kwanza uliponiambia wewe ni binti wa nani, nilitaka kukuambia. Nikashindwa. Sasa wanataka kumvisha joho, nimeona nikifa nalo nitaoza vibaya."

Akamsimulia. Anastazia alitoka Butiama akiwa na miaka ishirini, na babu yake mzaa mama alikuwa Mkurya wa Tarime, mpiga litungu, kile kinubi cha nyuzi nane. Msichana alilegeza na kukaza nyuzi za gitaa mpaka zikakaa kama nyuzi za litungu la babu yake, na kwa nyuzi hizo akatunga "Sina Pembe", mwaka dada yake alipoozwa kwa nguvu. Keraryo alimtaka. Anastazia akakataa, tena mbele ya wenzao. Hazikupita wiki mbili, Keraryo akavaa suti, akaenda Butiama kwa baba wa msichana akiwa na machozi, akasema kama kiongozi wa bendi dhamiri haimruhusu kuficha: Anastazia anaonekana nyumba za wageni Mwanza na wanaume tofauti. Habari zikafika kigangoni. Anastazia akasimamishwa mbele ya kwaya yake, akatolewa. Mwezi haukuisha, ng'ombe wa Magesa wakaswagwa kutoka Mugango mpaka Butiama, na Anastazia akaozwa, akaenda njia waliyotokea.

"Halafu Keraryo akaurekodi," alisema Baltazari. "Akaimba mwenyewe, lakini mwanzo wa gitaa aliuacha uleule ambao mama yako alikuwa ameshaupiga kwenye mkanda. Watu wakadhani ni wimbo wa mwanamume mnyenyekevu anayemwambia mkwewe hana mifugo. Na ile picha, mama yako alikuwa amesimama katikati yetu. Keraryo aliikata kwa mkasi wa fundi cherehani, akaiunganisha, akaipiga picha upya."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilikuwa mpiga dramu, binti yangu. Mpiga dramu anakaaga nyuma."

"Miaka arobaini na tano nyuma?"

Mzee alichukua bisibisi, akaanza kufungua redio ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Bhoke alirudi Musoma kwa pikipiki yake bila kuona barabara. Mambo ya utotoni yalikuwa yanampanda moja moja. Nyumbani kwao Mugango, wimbo ule ukianza redioni, mama yake alikuwa anainuka na kutoka, hata kama ugali uko jikoni. Yeye alidhani ni ulokole. Baba yake, Magesa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa mke aliyenyamaza, akakaa naye kwa adabu mpaka alipokufa, na mke akarudi Butiama kulima shamba la baba yake. Katika miaka yote hiyo Bhoke hakumwona mama yake akigusa gitaa la bintiye hata kwa kulipangusa vumbi.

Alipofika dukani aliibandua ile picha mlangoni. Hakuichana. Aliikunja, akaiweka mfukoni, kwa sababu alitaka iwe inamchoma.

Jioni hiyo waliketi kwenye nyumba ya mashine ya kusaga iliyokufa, ambamo walifanyia mazoezi. Bhoke aliwaeleza wenzake yote. Samwel alisema jambo ni jepesi: kaseti ichezwe kwenye spika za tamasha, watu wajisikilizie.

"Atasema imetengenezwa," alisema Bhoke. "Siku hizi simu inatengeneza sauti ya mtu yeyote. Nataka vidole vyake ndivyo vimshitaki. Nataka ashike gitaa mbele ya Bunda nzima, ashindwe."

"Mama yako anasemaje?" aliuliza Recho.

"Atafurahi."

"Sijauliza kama atafurahi. Nimeuliza anasemaje."

Bhoke alijifanya anatafuta waya. Hakumpigia mama yake simu siku ile wala zilizofuata.

Kwa wiki tatu, kila alipofunga duka, alikaa na kaseti na gitaa, akilegeza uzi huu, akikaza ule. Nyuzi mbili zilimkatikia, moja ikamchana kidole. Siku ya kumi na saba akapiga nyuzi zote kwa pamoja bila kushika popote, na mlio wa litungu ukatoka ndani ya amplifaya, mkavu na wa uchungu, ukajaza nyumba ile. Samwel aliyekuwa anakaza ngozi ya dramu aliacha kukaza. Bhoke hakutabasamu. Alipiga mwanzo wa wimbo mara arobaini, na kila mara alikuwa anauona uso wa Keraryo.

Wiki moja kabla ya tamasha walikwenda kufanya naye mazoezi nyumbani kwake Bunda. Mlango ulifunguliwa na mwanawe, Benson, mtu mzima mpole mwenye shati la kazini. Petronila, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshafika na daftari lake. Keraryo aliwapokea vizuri kupita kiasi. Alikuwa mzee mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Nimewasikia kwenye simu ya mjukuu," alisema akiwa ameshika mkono wa Bhoke. "Mnapiga kama mmefukuzwa na nyuki. Sisi tulikuwaga hivyohivyo, mwanangu. Wazee wakasema tumerogwa."

Kwa dakika moja Bhoke alimwona tena yule mtu wa nyuma ya mlango, na moyo ukataka kulegea. Basi akamuuliza swali la nzige wa sita ili aukaze.

"Wa sita ni wewe unayesikiliza," alisema Keraryo, akacheka, na Petronila akaliandika.

"Wewe ni wa kina nani?" mzee akamuuliza.

"Wa Musoma tu, Mzee. Baba alishafariki."

"Na mama?"

"Mama ni mkulima."

Keraryo akatikisa kichwa kwa heshima, kama watu wanavyofanya wakisikia mkulima. Kisha akaeleza kwamba siku ya tamasha yeye ataimba tu, vidole vina baridi yabisi.

"Hata ule mwanzo tu, Mzee," alisema Bhoke. Alisikia sauti yake ikiwa tamu, akaishangaa. "Mwanzo ule hakuna mwingine duniani anayeuweza. Nitakushikia gitaa langu mwenyewe. Ukishapiga mwanzo unaniachia."

"Watu watalia," alisema Petronila. "Mzee, tafadhali. Nitauandika kwenye ratiba."

Keraryo alitazama vidole vyake. Kwa miaka alikuwa ameupiga mwanzo ule kwa njia ya kurahisisha, kwa nyuzi za kawaida, na watu walimsamehe kwa ajili ya umri. "Basi," alisema. "Mwanzo tu."

Tamasha lilikuwa Jumamosi, uwanjani, jua likiwaka. Saa tisa alasiri watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kuta, wengine wamepanda juu ya malori. Fahali alifungwa kwenye nguzo kando ya jukwaa, mwekundu, pembe zimefungwa utepe. Keraryo alivishwa joho la bluu. Watu wakampigia vigelegele. Akashika kipaza sauti na kusema wimbo ule aliutunga usiku mmoja wa uchungu mkubwa, akimlilia Mungu.

Bhoke alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alisubiri amalize kumlilia Mungu, kisha akamvika gitaa begani kwa mikono miwili, kama binti anavyomvika baba yake koti.

Keraryo akaweka vidole alipozoea kuviweka, akapiga.

Kilichotoka kilikuwa kama mlango mbovu. Akatabasamu kwa watu, akasogeza vidole, akapiga tena. Kikatoka kibaya zaidi. Akamgeukia Bhoke, akanong'ona, "Mwanangu, gitaa lako limelegea."

Bhoke akamjibu kwenye kipaza sauti. "Halijalegea, Mzee. Nyuzi ziko kama zilivyokuwa siku wimbo huu unatungwa. Wewe si ndiye uliyeutunga?"

Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo walioupanga. Keraryo naye akajaribu kucheka. Akaushika uzi wa tatu, akaupandisha, ukapiga kelele. Akaushusha, ukalia kinyume. Jasho likaanza kumtoka chini ya joho. Kicheko cha watu kikapungua, kikawa mnong'ono, na huko nyuma mtu akapiga mluzi. Bhoke angeweza kumwokoa wakati huo. Alimwacha dakika nzima, na dakika nzima jukwaani ni kama nusu siku. Aliihesabu, na kila sekunde ilimteremka kooni kama asali.

"Lete," alisema mwishowe.

Akachukua gitaa, akaupiga mwanzo. Uwanja ukanyamaza. Ulikuwa ni ule wa redioni, uleule, lakini uko hapo mbele yao, unauma. Alipofika mwisho wake alisimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Mzee, hebu tuambie. Nzige wa sita alikuwa nani?"

"Wa sita ni..." alianza Keraryo kwa mazoea, akakwama. Alikuwa anamtazama Bhoke usoni, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamwona.

Kwenye viti vya wageni Mzee Baltazari akasimama. "Wa sita ni Anastazia, binti wa Butiama," alisema. "Wimbo ni wake. Alimkataa huyu, huyu akamzulia uchafu, akaozwa. Nilikuwepo."

Bhoke akamtazama Samwel, Samwel akashusha vijiti, na Mapanki wakaupiga "Sina Pembe" kwa kasi ya watu waliofukuzwa na nyuki, spika ikikoroma, Bhoke akipiga kelele maneno ya mama yake mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Vijana waliruka, wanawake wazee walisimama wameshika vichwa. Keraryo alishuka ngazi akishikwa mkono na Benson, joho likiburuta vumbi. Fahali akabaki pale kwenye nguzo. Hakuna aliyejua sasa ni wa nani.

Siku mbili zilizofuata Bhoke aliishi kama mtu aliyekunywa. Video zilizunguka simu zote za Musoma. Wateja walikuja dukani kununua plagi wakakaa saa nzima. Jumatatu akapanda pikipiki kwenda Butiama, gitaa mgongoni, akitunga njiani namna atakavyomsimulia mama.

Anastazia alikuwa amekaa uani na ungo, anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Umeshaona?"

"Tabitha wa kwaya alikuja na simu ya mwanawe. Nimeona yote." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nani alikutuma?"

Bhoke alikosa pa kuweka mikono yake. "Mama, yule alikuharibia maisha. Nimekulipizia."

"Umenilipizia," alirudia mama, polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga. "Kaa chini nikuambie kitu. Kila Krismasi yule mzee alituma mtu kwangu. Hata Mugango alituma. Wa kwanza alikuja na kanga, mwingine na kondoo, mwaka juzi alituma mchungaji. Wote walisema, Keraryo anaomba mlimalize. Na mimi nilimjibu kila mwaka neno moja. Siku yangu haijafika."

Alichambua konzi nzima ya maharage kabla ya kuendelea.

"Unajua mtu anaishije na neno hilo? Kila akipanda jukwaani anatazama watu kwanza, ananitafuta. Mtu akimuuliza wa sita ni nani, anacheka, huku jina langu liko kwenye ulimi. Arobaini na tano, Bhoke. Nilimla taratibu kama mchwa anavyokula nguzo. Nguzo imesimama, imepakwa rangi, ndani hakuna kitu. Wewe umekuja na shoka."

"Si ameanguka?"

"Ameanguka. Aliyeanguka haogopi tena kuanguka." Akamtazama bintiye kwa mara ya kwanza. "Na wimbo ulikuwa wangu. Ungeniuliza."

Bhoke alikaa pale chini akiwa na gitaa mgongoni, akilikumbuka swali la Recho, akaona aibu iliyomfika mpaka masikioni.

Maneno ya mama yalithibitika siku ya Alhamisi. Bhoke alikuwa bado Butiama, alikuwa ameshindwa kuondoka, wakati gari la Benson lilipoingia uani. Keraryo alishuka mwenyewe, bila fimbo. Alikuwa amekonda kwa siku chache, lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyepona homa. Bhoke alipoona hivyo hasira zikampanda upya, kwa sababu alielewa: alikuwa amempa yule mtu pumziko.

"Anastazia," alisema mzee baada ya kukaribishwa kiti. "Sikuja kubisha. Yaliyosemwa ni kweli. Nitakuambia jambo, usinicheke. Tangu Jumamosi nalala. Nilikuwa sijalala vizuri tangu mwaka wa vita ya Kagera."

"Nimesikia kwamba unalala," alisema Anastazia. Aliendelea kumenya mhogo. "Hukwenda kunisema Bunda, Keraryo. Bunda walikuwa hawanijui. Ulikuja kunisema hapa. Baba yangu amekufa akiamini. Katekista amekufa akiamini. Lakini Tabitha yupo, Gati yupo, kwaya ile wamebaki tisa, na wote wanajua mimi ni mwanamke wa nyumba za wageni. Jumapili utakwenda kigangoni, useme pale niliposimamishwa. Useme kwa majina. Useme nilikukataa, na ulisema nini ulipokataliwa."

Benson akaingilia kwa upole. "Mama, baba ana presha. Watu wameshajua. Tungeweza kuandika barua..."

"Sikuandikiwa barua," alisema Anastazia.

Ule uso wa Keraryo uliofunguka ukawa unafungika polepole, na Bhoke, aliyesimama mlangoni, akaona kitu ambacho uwanjani hakukiona: woga ukirudi nyumbani kwake. Mama yake alikuwa ameusimamisha tena kwa sentensi chache, bila hata kuweka kisu chini.

"Jumapili," alisema mzee. Safari hii alihitaji mkono wa mwanawe kufika garini.

Jumapili, baada ya matangazo, padri alimwita. Keraryo alisimama mahali palepale, mbele ya viti vya kwaya, bila joho na bila kipaza sauti. Alisema yote. Alisema namna alivyokataliwa, suti aliyoivaa, machozi aliyoyalia, jina la nyumba ya wageni aliyoichagua kwa sababu aliona kibao chake siku moja akipita. Mara mbili sauti ilimkatika, na mara zote mbili Anastazia, aliyekaa kiti cha mbele na kitenge chake kipya, alisubiri bila kupepesa mpaka ilipounganika. Nyuma, Tabitha alikuwa analia kwa kwikwi.

Alipomaliza alishuka mpaka kwenye kiti cha mbele na kunyoosha mkono. Kanisa zima lilikuwa linautazama mkono ule. Bhoke aliona mkono wake mwenyewe umeshaanza kuinuka, aupokee kwa niaba ya mama, ili tu kitu kile kiishe, akaurudisha mapajani.

"Nimesikia," alisema Anastazia. Akainuka, akampita, akatoka nje.

Wanawake wa kwaya walimzunguka uani. Tabitha akamkumbatia, akaomba msamaha, akasema hawakujua. Anastazia alijiacha akumbatiwe, mikono yake ikiwa imening'inia, mpaka walipochoka. Kisha akashika njia ya nyumbani kwa mwendo wake wa haraka, Bhoke akimkimbilia.

"Mama, sasa imekwisha?"

"Kwa Keraryo imekwisha. Sina haja naye tena."

Walitembea kidogo. Vumbi la njia lilikuwa limepoa kwa mvua ya asubuhi.

"Yule Baltazari," alisema Anastazia, "unampenda sana?"

"Ndiye aliyenifundisha. Na ndiye aliyesema ukweli, mama. Alisimama mbele za watu wote."

"Alisimama baada ya miaka arobaini na tano. Siku natolewa kwenye kwaya alikuwa nje pale, chini ya dirisha, na baiskeli yake. Nilimwona. Alinitazama, akapanda, akaondoka." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Bhoke. "Mpigie. Mwambie Jumapili ijayo ni zamu yake."

"Mama."

"Ulisema unanilipizia. Mpigie."

Bhoke alisimama katikati ya njia. Mama yake hakusimama. Kitenge chake kilikuwa kinazidi kwenda mbali, kimenyooka, hakigeuki. Bhoke alimfikiria mzee wa Kabasa na kopo lake la maziwa, na saa zote alizowafundisha bure. Akafikiria baiskeli chini ya dirisha. Akatoa simu, akalitafuta jina, akabonyeza.

Iliita mara mbili tu.

"Binti yangu," alisema Baltazari, kwa furaha. "Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."